Lenzi ya ngozi ya kubandika kwenye simu: pale inaposaidia na pale inapopotosha

Lenzi ndogo ya kutazamia ngozi, inayokuza mara 10 na yenye taa zake, haiuzwi tena kwa madaktari wa ngozi peke yao. Ni kifaa kizuri, ila wengi huinunua kwa kazi isiyoiweza: kutoa hukumu kama doa ni salama au hatari.

Kabla ya kununua, hakikisha ina mwanga wa polaraizi, yaani uliochujwa ili kuondoa mng'ao wa juu ya ngozi. Bila huo ngozi hung'aa na rangi zilizo chini hufichika, mpaka upake tone la jeli ya ultrasaundi. Usiikandamize. Mkono mzito hufukuza damu, na mishipa midogo haionekani tena.

Thamani yake halisi iko kwenye wayo. Ngozi ya huko ina matuta na mifereji. Tuta utalijua kwa nukta nyeupe zilizojipanga juu yake, ambazo ni vitundu vya jasho. Rangi ya doa ikifuata mifereji, kwa kawaida ni doa lisilo na madhara. Ikifuata matuta, mwone daktari wa ngozi mapema, maana melanoma ya wayo, aina hatari ya saratani ya ngozi, huanza hivyo. Damu iliyovilia kwa kusuguliwa na kiatu nayo hukaa kwenye matuta, lakini hiyo husogea na kutoka kadiri ngozi inavyojimenya.

Kwenye kucha macho matupu yanatosha. Mtu mweusi kuwa na mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni maumbile. Mstari ulio kwenye kucha moja tu, unaozidi milimita 3, unaopanuka, au ambao rangi yake imemwagikia ngozi ya shina la kucha, unahitaji daktari.

Mdomoni lenzi hii huzua hofu bure. Vipele vya manjano vya milimita 1 hadi 3 kwenye midomo ni tezi za mafuta zisizo na nywele. Haviambukizi, na kuvikamua ni kujijeruhi. Vikikuzwa mara 10 vinatisha.

Programu inayoandika “salama” au “hatari” iache. Nyingi zilifunzwa zaidi kwa picha za ngozi nyeupe. Tumia kamera tu: piga picha kila baada ya miezi 3, mwanga uleule, rula ikiwa pembeni, ulinganishe. Doa linalotoka damu au kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa hakisubiri picha ya pili.