Soli za tabaka za Bukavu kwa mguu unaorefushwa: zinasaidia wapi, zinaharibu wapi

Mtu aliyefungwa vyuma vya Ilizarov, yaani fremu ya nje inayorefusha mfupa polepole kwa kuzungusha nati zake, hurudi nyumbani mguu mmoja ukiwa bado mfupi, na Bukavu, mji wa milima mashariki mwa Kongo, haina huruma na mguu mfupi: vipandio vya mtaa wa Kadutu, udongo unaoteleza mvua ikipiga, ngazi zisizolingana. Wengi huishia kwa fundi viatu. Mjini kuna njia tatu za kuinua kiatu: kisigino cha jeli cha kununua famasi, kipande cha raba ya tairi, na soli ya sponji ngumu (EVA) iliyobandikwa kwa tabaka. Ya tatu tu ndiyo tunayoweza kumshauri mtu anayerefushwa mguu, tena ikikatwa vizuri.

Kisigino cha jeli tukitoe njiani mapema. Ndani ya kiatu hakipiti sentimita 1, la sivyo mguu unachomoka. Lakini kosa lake kubwa liko kwenye kano. Mfupa wa muundi ukirefushwa, misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino hazimudu kasi ya mfupa, hivyo zinavuta kisigino juu. Ukikiwekea mto, kano inapata ruhusa ya kubaki fupi. Vyuma vinatolewa, mfupa umepona, na mtu anatembea kwa ncha za vidole. Kwenye kipandio ndipo aibu inapoonekana zaidi, kwa kuwa kupanda kunataka kifundo kijikunje kwenda mbele, nacho kimekwama.

Raba ya tairi ni imara na inashika udongo kuliko kitu chochote. Tatizo ni uzito. Soli ya mtu mzima ina eneo la karibu sentimita za mraba 200. Unene wa sentimita 3 unaleta zaidi ya gramu 600 za raba, wakati EVA ya kipimo hicho ni gramu 100 hadi 150 tu. Misuli ya nyonga na paja iliyodhoofika haiwezi kuinua mzigo huo kila hatua. Mguu unazungushwa kwa pembeni nusu duara, kiuno kinapanda, na majirani wanasema upasuaji umeharibika. Mara nyingi kilichoharibika ni kiatu.

Sasa tabaka. Kwa kawaida daktari husubiri siku 5 hadi 7 baada ya kukata mfupa, kisha nati ya vyuma inazungushwa robo mzunguko mara 4 kwa siku. Kila robo ni milimita 0.25, basi mguu unaongezeka milimita 1 kwa siku, sentimita 1 kila siku 10. Soli nayo inatakiwa ipungue kwa mwendo huohuo. Kwa hiyo fundi abandike tabaka za sentimita 1, na chini yake, upande unaokanyaga, raba nyembamba ya milimita 3 au 4 yenye mifereji. Kila siku 10 anabandua raba, anatoa tabaka moja, anarudisha raba. Mwambie asishone, uzi unafanya kazi ya kubandua iwe vita. Gundi ya viatu inatosha, ila nyuso zote mbili zikwanguliwe kwa msasa, zipakwe, ziachwe kama dakika 10 hadi zisinate kidoleni, ndipo zigandamizwe. Akizibana zikiwa mbichi, tabaka zitafunguka kwenye matope ya kwanza.

Tabaka isipotolewa kwa wakati, mguu uliopasuliwa unakuwa ndio mrefu. Mtu anajisawazisha kwa kukunja goti, na goti la mguu unaorefushwa tayari linapenda kubaki limekunjwa. Daktari akipunguza kasi ya nati, tarehe za fundi zibadilike pia.

Umbo ndilo mafundi wengi wanalipuuza. Unene uwe sawa kuanzia kisigino hadi penye mzizi wa vidole, ili kifundo kikae nyuzi 90; kuanzia hapo sehemu ya chini ipunguzwe kuelekea juu, ncha ibaki karibu theluthi ya unene. Soli nene haikunjiki, kwa hiyo bila mkato huo mguu unakwaa. Chini iwe pana kuliko juu kwa nusu sentimita upande wa nje, maana soli nene na nyembamba kwa upana inapinduka kwenye mteremko.

Kupima, simama magoti yakiwa yamenyooka, weka mbao za nusu sentimita chini ya mguu mfupi hadi mifupa ya kiuno ilingane ukitazamwa kwa nyuma. Toa nusu sentimita hadi 1 katika kipimo hicho, mguu upate nafasi ya kupita bila kugonga chini. Goti lisiponyooka, mbao zinadanganya: mguu utaonekana mfupi kuliko ulivyo. Hapo subiri picha ya eksirei ya miguu mizima. Wataalamu wa viungo bandia, kama wa Heri Kwetu, kituo cha watu wenye ulemavu mjini Bukavu, wana uzoefu wa vipimo vya aina hii. Fundi wa sokoni apewe namba iliyokwisha kuhakikiwa.

Kuna kuchechemea kusikotibika kwa soli. Simama kwa mguu uliopasuliwa peke yake sekunde 30 mbele ya kioo, daktari akiwa ameruhusu uzito wote. Kiuno cha upande wa pili kikishuka, misuli ya pembeni ya nyonga ndiyo dhaifu. Dawa yake ni kinezi (tiba ya mazoezi): kulala ubavu na kuinua mguu ulionyooka, na mazoezi mengine kama hayo kwa miezi. Kuongeza soli kwa mtu huyo ni kumuuzia mbao aliyekosa misumari.

Bei patana kwa jumla, ukihesabu na mara zote za kubandua, la sivyo kila tabaka inageuka malipo mapya. Na agiza malapa ya nyumbani yenye unene uleule. Mtu anayevaa soli sahihi barabarani kisha akashinda nyumbani peku anatembea kwa ncha za vidole nusu ya siku, na kano haijui kama ni nyumbani.