NFL Game Pass ukiwa Mwanza: inatosha kumsoma Caleb Williams?

NFL Game Pass ni huduma ya kutazama mtandaoni mechi za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, na Caleb Williams ni kwotabeki, yaani mrusha pasi, wa Chicago Bears. Nje ya Marekani, tangu 2023 huduma hii inapatikana kupitia DAZN, jukwaa la kutazamia michezo. Unachopata nacho shida kwanza ukiwa Mwanza ni saa. Mechi za mapema za Jumapili zinaanza saa 2 usiku kwetu mwezi Septemba na Oktoba. Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma mwanzoni mwa Novemba, zinasogea hadi saa 3. Kundi la pili ni saa 5:25, baadaye saa 6:25. Ile ya Jumapili usiku ndiyo mateso: saa 9:20, kisha saa 10:20 alfajiri, wakati wavuvi wa Kirumba wanarudi na dagaa na wewe unatakiwa kazini.

Kwa hiyo mubashara siyo sababu ya kulipia. Sababu ni marudio yaliyokatwa ya takriban dakika 40. Mechi nzima inakula saa 3 na zaidi, ila mpira wenyewe unachezwa kama dakika 11 tu. Zinazobaki ni vikao vya wachezaji, matangazo na waamuzi. Toleo fupi linaondoa hayo na kuacha kila mchezo, yaani tangu mpira uanze hadi usimame, ulivyo. Kwa bando nalo ni nafuu: picha kali inakula karibu GB 3 kwa saa, hivyo mechi nzima ni GB 9 au zaidi. Toleo fupi kwa ubora wa kati halifiki hata GB 1. Weka ubora kwa mkono, usiuache ujichagulie wenyewe, maana mtandao ukitetereka saa 2 usiku, mtaa mzima ukiwa hewani, picha inaganda mpira ukiwa angani. Tazama Jumatatu alfajiri au mchana. Matokeo usiyaguse kabla.

Sasa kwa nini tunamtumia Williams kupima huduma hii? Kwa sababu takwimu zake peke yake zinadanganya pande zote mbili. Chicago Bears walimchukua wa kwanza kabisa kwenye uteuzi wa vijana wanaoingia ligi mwaka 2024. Msimu huo aliangushwa na mpira mkononi mara 68, kuliko kwotabeki yeyote wa ligi, na timu ikamaliza na ushindi 5 na vipigo 12. Wengi walimfuta. Januari 2025 akaja kocha Ben Johnson kutoka Detroit, safu ya mbele inayomlinda ikaongezewa Joe Thuney, Drew Dalman na Jonah Jackson, na kuangushwa kukashuka hadi mara 24. Bears wakashinda mechi 11 na kutwaa kundi lao.

Ukitazama marudio utaona kwamba si safu ya mbele pekee iliyobadilika. Anza kuhesabu sekunde mpira unapotoka kwa senta, yule wa katikati anayemrudishia kwotabeki mpira: elfu moja, elfu mbili, elfu tatu. Mwaka 2024 mara nyingi ulifika tatu naye bado anazunguka na mpira. Rudisha nyuma, angalia miguu badala ya mkono. Kwotabeki aliyetulia anapiga hatua zake za kurudi, unyayo wa nyuma unakanyaga, mpira unaondoka. Akianza kurukaruka, ujue hajaamini anachokiona. Kazi hii ya kurudisha mchezo mmoja mara nne ndiyo inayolipa gharama ya kifurushi.

Doa lipo, na mashabiki wenye matumaini wasilipite. Asilimia ya pasi zilizofika ilishuka, kutoka 62.5 mwaka 2024 hadi 58.1 mwaka 2025. Je, ni yeye anakosea shabaha au wapokeaji wanaziacha? Kamera ya kawaida ya televisheni haijibu, kwa sababu inambana kwotabeki na kuwaacha wapokeaji nje ya picha. Kinachojibu ni picha ya makocha inayoonyesha wachezaji wote 22. Hakikisha imo kwenye kifurushi cha hapa kabla hujalipia msimu mzima.

Njia mojawapo ya malipo ni kadi. Kadi pepe ya pesa za simu ijaribu na kifurushi kifupi kwanza, na uzime malipo yanayojirudia siku hiyohiyo.

Aliyezoea kukaa uwanja wa Nyamagana akimtazama kiungo wa miaka 18 anajua kutofautisha kipaji na pupa. Jicho hilohilo linatosha hapa. Sisi tunaamini kijana huyu ana miaka mingi mizuri mbele: mkono wenye nguvu, uwezo wa kurusha akiwa mbioni, na sasa kocha anayemtengenezea pasi za haraka. Mkataba wake ni wa miaka 4, timu ina haki ya kuongeza wa 5, na uamuzi huo hufanyika baada ya msimu wa tatu. Kwa hiyo marudio ya kuhifadhi ni ya msimu huo: wiki nne za mwanzo, pasi fupi za chini ya yadi 10, uone kama zinafika.