TAHADHARI: "MacBook yenye Windows ndani" zinazouzwa Mbeya na kutumwa kwa basi Iringa, Njombe na Makambako

Wakuu wa Nyanda za Juu Kusini, habari za kazi. Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya biashara, kuanzia Mbeya mpaka Iringa, na tangazo la MacBook Air M1: "mifumo miwili ndani, Mac na Windows 11, programu zako zote za ofisi zinapiga kazi." Bei inaanzia milioni moja na laki nne, ukibembeleza anashuka kidogo. Mashine yenyewe ni Apple halisi, safi, kioo hakina hata mchubuko. Windows ndiyo haimo. Utaiona ikifunguka mbele ya macho yako, utaandika ndani yake, utahifadhi faili, na bado haimo.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Mwanjelwa, na hizi mashine zinaishia mezani kwangu zikishagoma. Ya karibuni imeletwa na dada mmoja anayetunza hesabu za maduka ya pembejeo kule Makambako. Naomba msiseme alikuwa mzembe, maana alifanya kila tunachowashauri watu. Hakutuma hela kwa mtu asiyemjua. Alipanda basi akaja Mbeya, akakutana na muuzaji kwenye fremu upande wa Kabwe, akaijaribu mashine mwenyewe mpaka akaridhika. Chini ya kioo, pale zinapojipanga alama za programu, palikuwa na alama ya bluu imeandikwa Windows App. Akaibonyeza, Windows 11 ikajaa kioo kizima. Excel ikafunguka. Programu yake ya hesabu, ambayo muuzaji alisema ameshamwekea toka asubuhi, ikafunguka. Akaingia mpaka kwenye akaunti ya mteja wake ya TRA kuona kama ritani zinapanda. Kila kitu chepesi. Akalipa.

Amefika Makambako, anabonyeza alama ile ile, mashine inamwambia haiwezi kuunganishwa na kompyuta. Akampigia muuzaji. "Mtandao wa huko kwenu uko chini dada, weka bando la kutosha." Akaweka bando, wapi. Alipopiga tena hadithi ikawa nyingine: leseni ya Windows imelala, atume laki na themanini iamshwe. Hapo akashtuka, akapanda tena basi, lakini safari hii hakwenda Kabwe, alikuja kwa fundi.

Sasa sikilizeni mchezo ulivyo. Windows App ni programu halali kabisa ya Microsoft. Zamani iliitwa Microsoft Remote Desktop, mwaka 2024 wakaibadilisha jina, na jina hilo jipya limewapa matapeli mteremko. Ndani yake hakuna Windows yoyote. Kazi yake ni kukuonyesha kioo cha kompyuta nyingine iliyoko mahali pengine, na kupeleka huko kila unachoandika na kubonyeza. Ni kama kuuziwa televisheni ukaambiwa na uwanja unaoonekana ndani yake ni wako.

Nilipoifungua kwenye mashine ya yule dada nilikuta kompyuta moja tu imehifadhiwa, jina lake linaanza na DESKTOP, na anwani yake 192.168.1.14. Fundi yeyote akiona anwani hiyo anacheka. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za mtandao wa ndani, waifai ya ofisi au ya nyumba. Haziendi nje ya hapo, sembuse kufika Makambako. Maana yake kulikuwa na desktop imewashwa palepale, chumba cha nyuma au chini ya meza, iko kwenye waifai moja na ile MacBook. Muda wote ule dada alikuwa anatumia kompyuta ya muuzaji.

Na hilo lina ubaya kuliko hizo pesa. Chochote alichoandika siku ile kilibaki kwenye kompyuta ya mtu asiyemfahamu: TIN ya mteja, nywila ya akaunti ya kodi, na faili la hesabu alilolinakili kutoka kwenye flashi ili ajaribu. Kwa hiyo kama umewahi kujaribu "Windows" kwenye mashine za namna hii, kabla hujaanza kugombana na mtu kuhusu hela, badilisha nywila zote ulizoziandika pale. Barua pepe kwanza, kisha akaunti ya kodi, kisha benki. Fanya leo.

Kumnasa hakuhitaji ufundi. Windows ikiwa imefunguka, zima waifai ya MacBook. Windows iliyomo kweli ndani ya mashine itaendelea kufanya kazi bila mtandao; ya huyu bwana itaganda papo hapo na kuanza kujaribu kuunganisha upya. Atakwambia Windows kwenye Mac lazima iwe na mtandao muda wote. Muongo. Angalia pia kona ya chini kulia ndani ya hiyo Windows: kama unachokiona ni desktop ya watu, hakuna alama ya betri, wakati wewe umeshika laptopu. Halafu ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya mfumo, ukasome chipu na RAM. MacBook Air aliyompa dada ni M1 yenye RAM ya GB 8. Siku ile kule ndani, anakumbuka aliona Core i5, ambayo ni chipu ya Intel, na GB 16, akafurahi kwamba ameongezewa. Hakuna anayeongezewa RAM kwenye MacBook za M1, zimeunganishwa moja kwa moja na chipu, na yeyote anayekuahidi "tutaiongeza baadaye" naye mweke kwenye orodha ya matapeli.

Kuna namna ya pili, nimeshaiona kwenye mashine zilizotoka Iringa. Sijui kama ni mtu yule yule au wamegawana mikoa. Hii Windows imo kweli, imewekwa ndani ya Parallels Desktop, programu inayotengeneza kompyuta ya kuigiza ndani ya Mac. Ila Parallels yenyewe ni ya majaribio, siku 14 basi, na Windows haijawashwa leseni. Siku zikiisha inakudai ununue, na muuzaji hapokei simu, au anapokea na bei ya "kufungua". Hii ni rahisi kuigundua: nenda kwenye menyu ya Parallels, sehemu ya akaunti na leseni, utaona tarehe ya mwisho imeandikwa. Kwenye Windows, angalia ukurasa wa uwashaji leseni. Dakika moja.

Wengine wanadai hela ya leseni ya VMware Fusion, programu nyingine ya kazi ile ile ya Parallels. VMware Fusion ni bure kwa watu wote, hata wa biashara, tangu Novemba 2024. UTM, ya aina hiyo hiyo, nayo ni bure toka zamani. Ukimlipa fundi kwa muda wake wa kukuwekea, sawa, na mimi nalipwa hivyo hivyo. Leseni ya kitu cha bure, hapana.

Nieleze na ukweli wenyewe, maana tapeli anaishi kwenye pengo la watu kutojua. Mac za zamani zenye chipu ya Intel ziliweza kupokea Windows moja kwa moja kwenye diski kupitia Boot Camp ya Apple, mashine ikawaka kama PC ya kawaida. Kuanzia Mac za M1, zilizotoka mwishoni mwa 2020, Boot Camp haipo. Kwa hiyo anayekwambia M1, M2 au M3 yake ina "Boot Camp orijino" amekudanganya kabla hata hajataja bei. Bonyeza alama ya tufaha juu kushoto, chagua About This Mac, usome kama ni Intel au Apple. Na hata hizo za Intel, Boot Camp iliishia rasmi kwenye Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwenye Mac za chipu ya Apple njia iliyobaki kwa Windows kamili ni kompyuta ya kuigiza, na Windows inayoingia humo ni ile ya chipu za ARM, jamii ambayo chipu za Apple zimo, tofauti na za Intel. Si haramu: tangu Februari 2023 Microsoft wameruhusu rasmi Windows 11 Pro na Enterprise za ARM ndani ya Parallels. Programu za kawaida za Intel zinafasiriwa na Windows yenyewe zikiwa zinaenda, na nyingi zinakubali bila shida. Kwa GB 8 utagawana RAM na Mac, kwa hiyo usitegemee maajabu ukifungua vitu vingi.

Tatizo ni draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa ulichochomeka. Windows ya ARM inaweza kufasiri programu ya Intel, lakini haiwezi kupakia draiva iliyoandikwa kwa ajili ya Intel. Printa ya zamani, kidude cha USB chenye leseni ya programu ya ujenzi au upimaji, mashine ya risiti inayochomekwa kwenye kompyuta na kuongea na programu ya hesabu: kama mtengenezaji hajatoa draiva ya ARM, hakiendi, hata uwe umelipia leseni zote duniani. Wahasibu, wapima ardhi na wenye maduka ndio mnaowindwa zaidi na hawa watu, na ndio vifaa vyenu vinaangukia hapa. Nenda na kifaa chako mkononi, kichomeke, toa risiti au chapisha karatasi palepale, waifai ikiwa imezimwa. Muuzaji akisema "hicho utaweka draiva ukifika nyumbani", rudisha kifaa chako mkobani uondoke.

Kwa maoni yangu, na mtanisamehe wapenzi wa Mac, mtu ambaye kazi yake yote iko kwenye programu moja ya Windows hana sababu ya kununua MacBook. Laptopu ya Windows kama ThinkPad iliyotumika, ukiichagua vizuri, inafanya hiyo kazi kwa bei chini ya nusu na inabaki hela ya mbolea. Lakini ukiitaka Mac, ni hela yako, itake kwa macho mawili.

Huyu bwana hakutoa risiti ya EFD, alitoa karatasi ya kuandikwa kwa mkono yenye muhuri usiosomeka. Alitaka hela iende kwenye namba ya simu ya mtu, si namba ya lipa ya biashara, na jina lililotokea kwenye muamala si lake. Fremu ile ya Kabwe sasa ina mtu mwingine anauza vipuri vya pikipiki, hamjui, na namtetea kabisa asije akasumbuliwa. Tangazo bado linazunguka kwa jina jipya na picha zile zile: MacBook ya kijivu juu ya meza ya kioo yenye ufa kwenye kona, pembeni kuna kalenda ya ukutani imekatwa nusu.

Dada ameshafungua jalada polisi na ana RB, namba ya taarifa yake. Amepeleka ujumbe wote wa muuzaji pamoja na ule wa muamala, na mtandao wa simu umejulishwa. Kama na wewe anakupigia akitaka hela ya "kuamsha leseni", usimtumie, ripoti namba yake TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040.

Waliokwisha kupigwa kwa namna hii, naomba msiiflashi mashine na msiifute Windows App. Lile jina la kompyuta na anwani iliyomo ndani ndiyo ushahidi kwamba Windows haikuwahi kuwa kwenye mashine yako, ukifuta unabaki na maneno matupu. Ipige picha hiyo sehemu kwa simu, namba ya mashine ionekane. Mkishindwa, leteni Mwanjelwa, nitaandika maelezo ya fundi ya kuambatanisha na RB. Hilo silitozi hela.