Emisyo (vipindi) za sayansi kwenye dekoda yangu: nani anaeleza, nani anapiga kelele tu (uzoefu wangu, Goma)

Dekoda hii iko nyumbani mwaka wa tatu sasa, hapa Keshero, na mie mpira siangaliagi sana, zile tamthilia za kulia ndio kabisa sitaki, abonema yangu yote (yale malipo ya chaneli) inaendaga kwa emisyo za sayansi. Mama watoto anasema nimekuwa mwalimu asiye na darasa. Sawa tu. Ila nimeona nyingi sasa, nzuri na takataka, wacha niseme.

Nianze na ile iliyoniudhi. Majuzi umeme ulirudi mapema, nakuta chaneli moja (siitaji jina, sitafuti kesi) inatoa filamu juu ya Nyiragongo, volkano ya hapa kwetu. Naita nyumba nzima, kujeni muone mlima wetu! Mtangazaji amevaa kofia ngumu, macho kayatoa, anaongea kama mtu anayefukuzwa na mbwa, nyuma ngoma zinapiga du du du, kila baada ya dakika tano anauliza "je, mji utapona?" halafu matangazo, halafu anarudi anauliza tena lile lile. Mwishoni unajua nini? Unajua kwamba mji unaitwa Goma na kwamba yeye anaogopa. Tena walitia picha za mlima unaotupa majivu juu angani kama bomu, na mtu yeyote aliyekuwa hapa tarehe 22 Mei 2021 atakwambia haikuwa hivyo. Jumamosi jioni tuliona anga limekuwa jekundu tu, mlima umepasuka ubavuni, moto unateremka upande wa Buhene mpaka karibu na uwanja wa ndege. Mlipuko wa sinema haukuwepo.

Na sababu yenyewe ingeelezwa kwa dakika mbili. Lava ya Nyiragongo iko na silika kidogo (ile madini inayofanya lava iwe nzito), kwa hiyo ni nyepesi, inakimbia. Kuna milima lava yake ni kama bugali, inaziba shimo, gesi inajaa chini mpaka siku inaruka na kila kitu. Ya kwetu ni uji. Ndio maana mwaka 1977, nyufa zilipofunguka, ziwa la moto la pale juu lilikauka kwa muda usiofika saa moja na watu wa vijiji vya mteremkoni hawakuwahi kukimbia. Bugali na uji, basi! Mtoto wa miaka sita anaelewa. Yule bwana alikuwa na dakika hamsini, helikopta na kamera za bei, hakusema.

Sasa linganisha na wale Wafaransa wawili wa zamani, Fred na Jamy, emisyo yao C'est pas sorcier ilianza 1993 kwenye France 3 ikaenda mpaka 2014, na mpaka leo unaipata kwa YouTube ukiwa na megabaiti. Fred anatembea huko nje anauliza maswali, Jamy anabaki ndani ya lori na maketi zake (mifano midogo) za mbao na plastiki, anamwaga maji, anasukuma, anakata kitu katikati ili uone ndani. Halafu kuna ile sauti ya mwanamke usiyemuona, Jamy akianza kuongea kama profesa inamkatiza, ati sijaelewa, rudia. Mie naona hapo ndipo siri yao ilipo, mtu wa kuuliza kwa niaba yetu siye tuliokaa kwenye kochi. Na hata lile jina, ukilichukua neno kwa neno ni "si uchawi". Kwa mji wetu huu hilo jina peke yake ni emisyo nzima, juu hapa kuku watatu wakifa asubuhi kwenye shimo, kabla ya saa nne jirani ameshatajwa.

Hapo nisimame kidogo. Sisi wa huku Keshero na Himbi tunajua mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inajikusanya mahali pa chini hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umelala, huioni, mbuzi anaingia hatoki, mtoto vilevile. Nimekaa na hiyo habari tangu utoto lakini kuielewa nimeielewa kwa kuiga mambo ya Jamy: nilitia bikarbonati kwenye jagi, nikamwagia vinegre, likatoa povu, povu likatulia, halafu nikainamisha jagi pole pole juu ya mshumaa kama namwaga maji, bila kumwaga ile vinegre. Hakuna kilichoonekana kikitoka. Mshumaa ukazimika. Kadogo kangu kakanyamaza kidogo halafu kakasema "papa, hii ndio inauaga mbuzi kule chini?" Ndiyo, ndiyo yenyewe. Tangu siku ile hakuna anayemwambia mara mbili asicheze bondeni asubuhi.

Kuna pia yule mzee Mwingereza, David Attenborough, amezaliwa 1926. Kwake sina neno baya. Kile kipande chake na gorila cha Life on Earth, 1979, kilipigwa hapo ng'ambo Rwanda, kwenye milima hii hii tunayoiona tukifungua dirisha asubuhi isiyo na ukungu. Alikuwa amepanga kueleza habari ya kidole gumba, gorila wakamzunguka, akaacha hotuba akabaki ananong'ona tu. Mtangazaji anayejua lini anyamaze! Yule wa kofia ngumu angepiga ngoma.

Lakini usifikiri za kwetu ndio zimenusurika. Mwaka ule wa 2021, tarehe 27 Mei, tulipoambiwa sehemu kubwa ya mji ihame, watu walikimbilia Sake, wengine Gisenyi, wengine boti za Bukavu, na kichwani kila mtu ana moja: Ziwa Kivu litalipuka, juu lina gesi chini yake. Kwenye kipindi kimoja wakamweka mtaalamu nyuma ya meza na chupa ya maji, anasoma karatasi kwa Kifaransa kizito, na mtangazaji anaitikia "naam docteur, naam docteur" bila kuuliza hata kamoja. Si angeuliza ile gesi inashikiliwa na nini? Inashikiliwa na uzito wa maji, iko imeyeyuka huko chini sana, kama soda iliyofungwa kizibo. Au angekumbusha kwamba 2002 lava ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani kabisa, na ziwa halikulipuka. Sisemi hakuna hatari, Ziwa Nyos kule Kamerun 1986 liliua watu zaidi ya 1,700 kwa gesi kama hii. Nasema tungebeba magodoro yetu tukijua tunakimbia nini.

Kwa hiyo kama uko unauliza kama ulipie buke kubwa (kile kifurushi cha chaneli nyingi) kwa sababu ya chaneli za sayansi: mie mwezi ujao narudi kwa ile ndogo. Zile za ngoma na maswali yasiyojibiwa zimejaa kwenye kubwa, na Jamy yuko kwa simu. Pesa inayobaki nanunua megabaiti na vinegre, mama jirani amesikia habari ya mshumaa, ameniambia Jumapili analeta na wajukuu wake wote.