Tulilipia ngome, tukaonyeshwa maegesho

Nianze na kusifu ziara yetu ya Uskoti, maana nikianza na ngome ya Urquhart sitapata pumzi ya kusifu chochote. Bonde la Glencoe ni la ajabu na dereva alilijua vizuri. Basi.

Ni ziara binafsi ya siku moja kutoka Edinburgh, Uskoti: gari lenu peke yenu, dereva ndiye mwongozaji, ngome ya Doune asubuhi, bonde la Glencoe mchana, ngome ya Urquhart kando ya ziwa la Loch Ness jioni, halafu kurudi. Ilikuwa vuli hii hii. Kampuni siitaji.

Hesabu yenyewe imebana. Urquhart hadi Edinburgh ni karibu kilomita 270, zaidi ya saa tatu na nusu barabarani, na hiyo ni kurudi tu. Ukijumlisha na kwenda kupitia Glencoe, unakaa kwenye gari saa nane hivi. Katika siku ya namna hiyo dakika haziachwi zipotee. Sasa, ukitoka Edinburgh saa mbili unafika Doune saa tatu, na lango linafunguliwa saa tatu na nusu. Nusu saa imeliwa mbele ya mlango uliofungwa. Anayefanya safari hii kila wiki hajui?

Doune tukaimaliza kwa saa moja, inatosha. Kisha likaja duka la sweta. Kisingizio ni choo. Dakika 50 za choo! Tulisema mara mbili kwamba hatununui kitu, yeye yuko ndani anakunywa kahawa na wenye duka. Neno "binafsi" lina maana gani kama mteja hana sauti gari lisimame wapi?

Hata hivyo Glencoe ilinilainisha. Alitusimamisha kwenye maegesho yanayotazama vilima vitatu vya bonde hilo, akaeleza kisa bila mbwembwe: askari wa serikali walikaribishwa na ukoo wa MacDonald, wakalishwa na kulazwa karibu wiki mbili, halafu alfajiri ya Februari 13, 1692 wakawageukia wenyeji wao na kuua watu wapatao 38. Wengine walifia kwenye theluji wakikimbia. Akaongeza kwamba mwaka uleule wa 1692 kikosi cha serikali kilipoondoka Urquhart kililipua nyumba ya lango kwa baruti, ili wafuasi wa mfalme James aliyepinduliwa wasiitumie, na kwamba mapande ya ukuta bado yamelala palepale yalipoangukia. Hapo nilikuwa tayari kutoa nyota nne.

Ubaya ni kwamba baada ya mji wa Fort William huwezi kufidia muda. Barabara ya A82 ina njia moja kila upande, kona juu ya kona, na ukikuta gari linalovuta nyumba ya matembezi mbele yako, utalifuata. Tulifika Urquhart dakika kumi na mbili baada ya mwisho wa kuingia. Mwisho wa kuingia siyo saa ya kufunga, huja mapema zaidi, na vuli saa hizo hufupishwa. Dada wa tiketi alikuwa mpole, ila lango ni lango. Tukabaki kuchungulia mnara kwa mbali. Yale mapande ya ukuta aliyotupigia hadithi hatukuyaona.

Na dereva, badala ya kusema pole: "Ngome ni mawe tu, ukiona moja umeziona zote." Mtu aliyetoka kutusimulia 1692 kwa saa nzima! Sentensi hiyo ndiyo iliyonikalisha chini kuandika haya.

Atakayekwenda bado, na ratiba aigeuze: apande moja kwa moja kwa barabara ya A9, awe Urquhart kabla ya saa sita mchana, Glencoe iwe wakati wa kurudi. Haina lango wala tiketi, ingawa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi, kwa hiyo miezi hiyo achague moja. Au alale mji wa Inverness, Urquhart iko kilomita 25 tu kutoka hapo. Tiketi ya Urquhart yenye saa akate mwenyewe na namba abaki nayo. Kwa njia yetu sisi, kaa kushoto hadi Glencoe, kisha hamia kulia, kwa sababu Loch Ness na ngome viko upande huo. Kiangazi beba dawa ya usubi. Upepo ukitulia watakula.

Nyota mbili. Moja ni ya Glencoe, ambayo hawakuijenga wao. Ya pili nilimpa dereva kwa masimulizi yake, na sasa ninapoandika ile sentensi ya mawe naona nilikuwa mkarimu mno. Walichorudisha ni kiingilio cha Urquhart peke yake. Dakika 50 za sweta wamezihesabu kuwa sehemu ya huduma.