Kupanda Mlima na Kundi au na Mwongozaji Wako Binafsi

Mtu anayepanda mlima kwa mara ya kwanza, akikusudia kurudi siku hiyohiyo, huchagua ama kujiunga na kundi lenye mwongozaji mmoja, ama kumwajiri wake binafsi. Kundi hupunguza gharama, na mazungumzo ya njiani husahaulisha uchovu. Tatizo lake ni mwendo. Kwa kanuni aliyoitoa mpanda milima Mskoti William Naismith mwaka 1892, kila kilomita 5 huhesabiwa saa moja, na kila mita 600 za kupanda huongeza saa nyingine; lakini hesabu hiyo ni ya mtu mkakamavu, na katika kundi mgeni hujikuta akiwafukuzia wenzake, akifika mapumzikoni wao wakiwa tayari wanainuka. Mwongozaji binafsi hufuata pumzi yako, na ukiumwa kichwa au kuhisi kichefuchefu juu ya mita 2,500, dalili ambazo huenda zimeletwa na upungufu wa oksijeni, anaweza kukuteremsha mara moja bila kumwacha mtu nyuma. Ni ghali zaidi, bila shaka. Hata hivyo, kwa asiyejua bado nguvu za miguu yake, mimi ningemshauri aanze na huyo, na kundi lisubiri safari ya pili.