Simuleta ya Urubani ya Kununua Ukiwa Arusha au Moshi

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wanafunzi wa urubani wa huku kwetu yanafanana mno. Mtu amefanya mazoezi wiki nyingi kwenye simuleta, yaani programu ya kompyuta inayoiga urushaji wa ndege, na orodha ya ukaguzi ameshaikariri, kisha siku anapopaa kutoka Kisongo, kwenye uwanja wa ndege wa Arusha, akiwa na mkufunzi, injini inatetemeka, mizunguko yake haifiki anapoitarajia, na mkufunzi ananyoosha mkono kurekebisha kishikio chekundu cha kupunguza mafuta, ambacho mwanafunzi hajawahi kukigusa. Programu aliyouziwa ilikuwa ikifanya kazi hiyo kwa niaba yake, na muuzaji hakuona haja ya kumwambia.

Kwa hiyo sitazungumzia uzuri wa mawingu wala idadi ya ndege zilizomo, kwa kuwa mambo hayo kila muuzaji atakueleza hata usipomuuliza. Kigezo changu kikuu ni kama programu inakulazimisha kupunguza mafuta mwenyewe hewa inapokuwa nyepesi.

Uwanja wa Arusha upo takriban futi 4,550 juu ya usawa wa bahari, na joto sanifu la mwinuko huo ni karibu nyuzi 6 za Selsiasi. Mchana wa nyuzi 26, hewa ya pale inakuwa nyepesi kama ya futi 7,000, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi), ambayo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, inakuwa imepungukiwa na karibu moja ya tano ya nguvu zake kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka. Mafuta yakiendelea kuingia kwa kiasi kile kile cha Dar es Salaam, mchanganyiko wa mafuta na hewa unakuwa mzito na hata nguvu iliyobaki hupotea. Kitabu cha Cessna 172S, ndege ndogo ya mafunzo, kinaelekeza kwamba kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000 rubani afungulie nguvu zote ndege ikiwa imesimama, kisha apunguze mafuta hadi mizunguko ifike kileleni. Kwa mkono, jambo hilo ni la taratibu sana: unavuta kishikio kidogo kidogo, mshale wa mizunguko unapanda, unasita, unaanza kushuka, nawe unakirudisha ndani kwa upana wa ukucha. Uwanja wa Kilimanjaro (KIA), wenye futi 2,932, uko chini kidogo tu ya mstari huo, na ndiyo maana aliyezoea KIA anaweza kuchelewa kukutana na suala hili mpaka atakapotumwa Arusha.

Nafasi ya kwanza naipa X-Plane 12 ya Laminar Research, na sifichi kwamba naipendelea. Inakokotoa nguvu zinazoikumba ndege kwa kuligawa bawa na panga boi katika vipande vidogo na kupima hewa inavyopita kwenye kila kipande, kwa hiyo siku ya joto pale Arusha ndege yako inakula njia ndefu kabla ya kunyanyuka, kama inavyopaswa. Cessna 172 iliyomo ina toleo la saa za mviringo, yaani vipimo vya mishale, na toleo la skrini za kidijitali za G1000, yote kwa bei moja, ambayo ilipotoka mwaka 2022 ilikuwa takriban dola 60. Mandhari unachagua kwenye ramani maeneo unayoyataka, unayapakua mara moja na yanakaa kwenye diski yako, hivyo bando likiisha ukiwa juu ya Boma Ng'ombe, safari inaendelea. Lipo pia toleo la majaribio lisilolipiwa, lenye eneo na muda mdogo. Lipakue kabla ya kutoa senti yoyote, panda hadi futi 5,000 au zaidi, kisha vuta kishikio chekundu uone injini inavyoitikia.

Nafasi ya pili ni Microsoft Flight Simulator ya 2020, kwa sharti kwamba siku ya kwanza kabisa ufungue mipangilio ya misaada kwa rubani na kuzima msaada wa kurekebisha mchanganyiko. Usipouzima, umejinunulia filamu nzuri ya Mlima Meru. Linaloniudhi zaidi ni kwamba Cessna 172 yenye saa za mviringo, chombo kinachomfaa mwanafunzi kuliko ndege kubwa zote za abiria zilizomo, iliwekwa kwenye toleo la Deluxe, lililouzwa takriban dola 90 lilipotoka, wakati toleo la kawaida lina ile ya skrini peke yake. Jiandae pia kutenga gigabaiti 150 za diski.

Toleo la 2024 nimeliweka la tatu. Picha zake hazina mpinzani, lakini limejengwa juu ya intaneti kiasi kwamba hata ndege zenyewe huletwa kupitia mtandao, na mtu anayenunua bando kwa siku hawezi kupanga ratiba ya mazoezi juu ya msingi huo. Prepar3D ya Lockheed Martin imetengenezwa kwa ajili ya mafunzo na leseni yake imekataza burudani, ila kwa mtu wa nyumbani sioni inachomzidishia. FlightGear ni ya bure na Cessna 172P yake ni nzuri kuliko bei yake, lakini kuisanidi kunahitaji subira. Zile za simu ni za kupitishia muda kwenye basi la kwenda Moshi.

Sasa wauzaji. Kuna anayekuuzia flashi yenye nakala iliyovunjwa kufuli, isiyopokea masasisho, kwa bei inayokaribia ya halali. Kuna mwingine anayekuonyesha kompyuta kuukuu iliyowekewa taa za rangi na kukuhakikishia, "Dada, hii ni ya gemu," ilhali ndani haina hata kadi ya picha ya peke yake. Mbaya kuliko wote ni yule anayedai kwamba saa utakazoruka sebuleni zitaingizwa kwenye kitabu chako cha rubani. Hazitaingizwa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga hutambua vifaa vya mafunzo vilivyoidhinishwa, na kompyuta yako ya nyumbani haimo, hata ukiifunga usukani wa gharama gani.

Kuhusu usukani wenyewe, hapa mjini hupangwa bei kana kwamba kila mnunuzi ni mtalii, tena kwa dola, na mara nyingi huuzwa bila pedali za miguu. Fedha isipotosha usukani na pedali kwa pamoja, nunua pedali pamoja na fimbo ya kawaida ya mkono yenye kitelezi cha nguvu, kisha hakikisha fimbo hiyo ina kitelezi cha pili au angalau vitufe unavyoweza kuvipangia kishikio chekundu. Muuzaji akishindwa kukuonyesha vilipo, usimlipe.